Somo la 14: b Ndogo na B Kubwa

Hesabu ya mwendo wa habari katika diski za zamani na katika nyuzi za kioo

Ninyi mnaosikiliza pamoja na mwalimu wenu darasani, na wewe unayesoma somo hili peke yako nyumbani, tuanze kazi. Toeni daftari na kalamu. Leo tuna hesabu, lakini ni hesabu za kuzidisha na kugawanya tu, nazo mmekwisha jifunza.

Mnakumbuka mlipojifunza herufi. Mliambiwa kwamba kila herufi ina sura mbili, ndogo na kubwa. Herufi kubwa tunaiandika mwanzo wa sentensi na mwanzo wa jina la mtu. Ukisahau, mwalimu atakutilia alama nyekundu, lakini barua yako itasomeka vile vile. Leo tutaona mahali ambapo jambo hilo si la alama nyekundu tu. Ukiichukua herufi ndogo badala ya kubwa, hesabu yako inakosea mara nane, na yamkini utalipa fedha nyingi kwa kitu kisichokufaa.

Herufi yenyewe ni b.

BITI NA BAITI

Kompyuta haijui kusoma kama wewe. Inajua alama mbili tu, 1 na 0, kama taa inayowaka na taa iliyozimwa. Kila alama moja, iwe 1 au iwe 0, huitwa biti. Biti moja peke yake haisemi mengi. Biti 8 zikikaa pamoja hufanya baiti 1, na baiti 1 yatosha kuandika herufi moja ya Kiswahili. Chukua neno "shamba". Lina herufi 6. Kwa hiyo ndani ya kompyuta lina baiti 6, yaani biti 48.

Wataalamu hawapendi kuandika maneno marefu. Biti wanaiandika kwa b ndogo. Baiti wanaiandika kwa B kubwa. Mbele ya herufi hiyo huweka M, maana yake milioni. Nyuma yake huweka mkwaju na s, maana yake "kwa kila sekunde". Basi:

20 MB/s ni baiti milioni 20 kwa kila sekunde. Soma: megabaiti ishirini kwa sekunde.
20 Mb/s ni biti milioni 20 kwa kila sekunde. Soma: megabiti ishirini kwa sekunde.

Pengine utaona imeandikwa MBps au Mbps. Maana ni ile ile. Wewe tazama b tu, ni kubwa au ni ndogo.

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba 4 ni pishi 1. Sasa, mtu mmoja akisema, "Mimi nina ishirini," na mwenzake akisema, "Mimi nina sitini," nani ana mchele mwingi? Huwezi kujibu. Kwanza uliza: ishirini nini, na sitini nini? Kama wa kwanza ana pishi 20 na wa pili ana vibaba 60, yule wa pili ana pishi 15 tu. Aliyetaja namba ndogo ndiye mwenye mchele mwingi.

Katika habari za kompyuta, baiti ndiyo pishi na biti ndiyo kibaba. Tofauti ni kwamba hapa pishi moja ina vibaba 8, si 4.

KWA NINI VIPO VIPIMO VIWILI?

Utauliza, kwa nini watu hawa hawakukubaliana tangu mwanzo kutumia kipimo kimoja? Kuuliza si ujinga. Sababu ipo, nayo ni njia zenyewe.

Fikiri watu wanane wanaopita katika barabara pana. Wanaweza kwenda bega kwa bega, wote wanane kwa safu moja. Utawahesabu kwa safu: safu ya kwanza, safu ya pili, safu ya tatu. Sasa watu hao wafike kwenye njia nyembamba ya porini. Hapo hawana budi kufuatana mmoja mmoja kama siafu. Utawahesabu kwa kichwa: mmoja, wawili, watatu.

Diski ni chombo ambamo kompyuta huweka habari zake, kama kabati la mafaili ofisini. Zamani diski za kompyuta kubwa ziliunganishwa kwa waya mpana uitwao SCSI. Hutamkwa "skazi". Kanuni zake za kwanza zilikubaliwa Marekani mwaka 1986. Ndani ya waya huo mpana mlikuwa na nyuzi 8 za kupitisha habari, kila uzi biti moja, zote kwa pamoja. Kila safu moja ilikuwa baiti moja kamili. Safu milioni 5 zilipita kwa sekunde, basi mwendo ukawa 5 MB/s. Baadaye safu zikaongezwa kasi, zikawa milioni 10 kwa sekunde. Tena waya ukapanuliwa, nyuzi zikawa 16, yaani baiti 2 kwa kila safu. Milioni 10 mara 2 ni milioni 20. Ndipo tukapata SCSI ya 20 MB/s. Watu wa diski walihesabu safu, kwa hiyo wakazoea baiti, B kubwa.

Uzi wa kioo ni njia ya siafu. Ni uzi mwembamba sana wa kioo safi, na ndani yake hupita mwanga. Mwanga ukiwaka ni 1, ukizimika ni 0. Biti hufuatana moja baada ya nyingine, kwa kasi ya kushangaza. Watu wa simu, ambao ndio waliotandaza nyuzi hizo, walihesabu vichwa, wakazoea biti, b ndogo.

Kila upande ulikuwa na haki kwa kazi yake. Taabu huanza pale diski na uzi wa kioo wanapokutana katika ofisi moja.

NJIA IITWAYO STM-1

Mwaka 1988 kanuni za kupeleka habari katika nyuzi za kioo zilikubaliwa kati ya mataifa. Njia ya kwanza katika ngazi zile inaitwa STM-1. Wamarekani wana jina lao, OC-3, lakini mwendo ni mmoja: 155.52 Mb/s. Soma: megabiti mia moja hamsini na tano, nukta, tano, mbili.

Namba hii haikuokotwa barabarani. Sauti yako katika simu hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde. Kwa sababu hiyo, watu wa simu walitengeneza njia yao kama gari moshi linaloondoka mara 8,000 kwa sekunde. Kila gari moshi la STM-1 linabeba baiti 2,430. Haya, andika:

2,430 x 8,000 = baiti 19,440,000 kwa sekunde
19,440,000 x 8 = biti 155,520,000 kwa sekunde

Umeona? Ni kitu kile kile kilichoandikwa kwa namna mbili. 155.52 Mb/s ni 19.44 MB/s.

Hapo tumepata kanuni mbili za leo. Ziandike kwa herufi kubwa katika daftari lako:

UKITOKA BITI KWENDA BAITI, GAWANYA KWA 8.
UKITOKA BAITI KWENDA BITI, ZIDISHA KWA 8.

Sasa jibu swali hili kabla hujaendelea kusoma. Ipi ina mwendo mkubwa zaidi, SCSI ya zamani ya 20 MB/s, au njia ya nyuzi za kioo ya 155.52 Mb/s?

Mtu asiyetazama herufi atasema mara moja, "Ya kioo! 155 ni kubwa kuliko 20." Lakini wewe umejifunza. Utazidisha: 20 x 8 = 160. SCSI ya zamani ina 160 Mb/s. Imeizidi njia ya kioo kidogo. Ni ile habari ya pishi 20 na vibaba 60.

Ajabu ni kwamba ngazi zilizofuata ziliendelea hivyo hivyo. Njia za kioo zilipanda mara nne, mara nne. SCSI ilipanda mara mbili, mara mbili, basi hatua zake mbili ni sawa na hatua moja ya kioo:

SCSI ya 20 MB/s ni 160 Mb/s. STM-1 ni 155.52 Mb/s.
SCSI ya 80 MB/s ni 640 Mb/s. STM-4 ni 622.08 Mb/s.
SCSI ya 320 MB/s ni 2,560 Mb/s. STM-16 ni 2,488.32 Mb/s.

Kila mara waya wa diski unaizidi njia ya kioo kwa kiasi kidogo tu. Namba zao hazifanani hata kidogo, lakini mwendo wao ni kama wa ndugu wawili wanaoongozana.

MITEGO MITATU

Sasa sikilizeni vema. Kugawanya kwa 8 ni mwanzo wa hesabu, si mwisho wake. Ipo mitego mitatu zaidi.

Mtego wa kwanza ni mzigo wa wenye njia. Tulisema gari moshi la STM-1 linabeba baiti 2,430. Lakini gari moshi lina dereva wake na watumishi wake, nao wanakaa katika viti. Katika baiti 2,430, baiti 90 ni za kulinda na kuongoza njia yenyewe. Mzigo wako unapata zilizobaki:

2,430 - 90 = 2,340
2,340 x 8,000 = baiti 18,720,000 kwa sekunde

Kwa hiyo unayonunua ni 19.44 MB/s, lakini unayoweza kujaza ni 18.72 MB/s. Tena habari zinazopita katika intaneti hufungwa katika vifurushi, na kila kifurushi kina anwani yake kama barua. Mara nyingi kifurushi kina baiti 1,500, na 40 kati yake ni za anwani na maelezo ya safari. Mzigo hasa ni 1,460. Ukifanya hesabu hiyo pia, 18.72 inashuka kuwa kama 18.22 MB/s.

Mtego wa pili ni lumbesa. Mnajua gunia la lumbesa: kwa jina ni gunia moja, lakini limejazwa kupita kipimo. Kompyuta nazo zina lumbesa yao. Watu wa nyuzi wakisema kilo, wana maana ya 1,000 kamili. Lakini kompyuta hupenda kuzidisha kwa 2, na 2 ukiizidisha mara kumi unapata 1,024. Basi programu nyingi za kompyuta huhesabu kilobaiti moja kuwa baiti 1,024. Megabaiti yao ni 1,024 x 1,024, yaani 1,048,576. Gigabaiti yao, badala ya kuwa bilioni moja kamili, ni 1,073,741,824. Kadiri kipimo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo lumbesa inavyozidi. Mwaka 1998 vipimo vya lumbesa vilipewa majina yake mbali, kama mebibaiti na gibibaiti, lakini kompyuta nyingi zinaendelea kuandika GB kwa yote mawili. Yakupasa kuuliza.

Mtego wa tatu ni baiti yenye biti 10. Baada ya SCSI zilikuja diski za namna iitwayo SATA. Diski za kwanza za namna hii zilikuwa na mwendo wa biti 1,500,000,000 kwa sekunde, yaani 1,500 Mb/s. Ukigawanya kwa 8 utapata 187.5 MB/s. Lakini diski hizo huandikwa 150 MB/s. Je, wamekuibia? La. Ili biti zisichanganyike njiani, kila biti 8 hubadilishwa na kupelekwa kama biti 10. Basi hapo unagawanya kwa 10, si kwa 8: 1,500 ÷ 10 = 150. Kwa hiyo ukisoma namba ya mwendo, uliza: biti hizi ni za mzigo wangu, au ni pamoja na za kulindia safari?

HESABU YA HOSPITALI

Haya, sasa tutumie yote tuliyojifunza katika jambo moja. Tuseme kuna hospitali katika mji fulani. Kumbukumbu zote za wagonjwa zimo katika kabati la diski za zamani zenye SCSI ya 20 MB/s: nani ana ugonjwa gani, nani amepewa dawa gani, nani hawezi kuchomwa sindano ya namna fulani. Hospitali inaogopa moto na radi. Inataka kila usiku nakala nzima ya kumbukumbu hizo ipelekwe katika mji mwingine. Imekodi njia ya STM-1. Kazi ianze saa 6 usiku, iishe saa 12 alfajiri kabla ofisi hazijafunguliwa na kumbukumbu hazijaanza kuandikwa upya.

Kompyuta ya hospitali inaonyesha kwamba kumbukumbu zote ni GB 382. Je, zitafika?

Saa 6 ni dakika 360. Dakika 360 ni sekunde 21,600. Iandike namba hiyo.

Mtu wa kwanza anafanya hesabu bila kutazama herufi:
155.52 x 21,600 = 3,359,232
Anasema, "Tunaweza kupeleka megabaiti zaidi ya milioni tatu! Kazi itakwisha kabla ya saa 7." Huyu amehesabu vibaba akaviita pishi.

Mtu wa pili anagawanya kwa 8 kwanza:
19.44 x 21,600 = MB 419,904
Gigabaiti moja ni megabaiti 1,000. Basi ni kama GB 420. Amekaribia, lakini amewasahau watumishi wa gari moshi.

Mtu wa tatu anawakumbuka watumishi:
18.72 x 21,600 = MB 404,352
Yaani GB 404. Anatazama kompyuta, anaona 382. Anasema, "382 ni ndogo kuliko 404. Zitafika, tena kuna nafasi." Hesabu yake ya njia ni njema, lakini ameingia katika mtego wa lumbesa. Zile 382 za kompyuta ni gunia zilizojazwa kupita kipimo.

Mtu wa nne anaondoa lumbesa:
382 x 1.074 = kama GB 410

Sasa tunaona ukweli. Mzigo ni 410, njia inabeba 404. Saa 12 alfajiri gigabaiti kama 6 zitakuwa bado zimebaki nyuma. Na tukitoa pia zile anwani za vifurushi, njia inabeba hivi:
18.22 x 21,600 = MB 393,552
Zitabaki gigabaiti 16 na zaidi.

Utasema, "Sita au kumi na sita katika mia nne, si kitu." Fikiri tena. Nakala isiyokwisha ni kama kitabu cha dawa kilichochanika kurasa za mwisho. Siku ya moto, mgonjwa ambaye jina lake limo katika kurasa zile hatasaidiwa na kurasa nyingine zote zilizookoka. Na jambo la hatari zaidi ni kwamba kila mtu hospitalini analala usingizi akiamini nakala ipo.

Basi tufanyeje? Mwuzaji wa njia angeweza kusema, "Nunueni STM-4, ina mwendo mara nne." Kabla hujatia sahihi, fanya hesabu. STM-4 ni 622.08 ÷ 8 = 77.76 MB/s. Lakini habari zinatoka katika diski zenye waya wa 20 MB/s. Mtungi wenye mdomo mwembamba haumiminiki upesi kwa sababu umeweka chini yake pipa pana. Hospitali ingelipia njia mara nne, na robo tatu ya njia hiyo ingelala bure kila usiku.

Dawa ya hospitali hii ni nyepesi zaidi. Waanze kazi saa 5 na nusu usiku badala ya saa 6. Nusu saa ni sekunde 1,800. Ziongeze:

21,600 + 1,800 = sekunde 23,400
18.22 x 23,400 = MB 426,348

Mzigo ni GB 410, njia inabeba 426. Nakala itafika nzima. Hakuna fedha iliyoongezwa, ila nusu saa tu. Wanaweza pia kupeleka kila usiku zile kumbukumbu zilizobadilika siku ile peke yake, na nakala nzima mara moja kwa juma.

Lakini lipo jambo moja la mwisho. Namba ya SCSI ni ukubwa wa mlango, si kasi ya mtu anayepita mlangoni. Diski kuukuu yaweza kusoma polepole kuliko waya wake unavyoruhusu, na diski kadhaa zikiwa katika waya mmoja hugawana mwendo ule ule. Tunataka GB 410, yaani MB 410,000, zipite katika sekunde 23,400:

410,000 ÷ 23,400 = kama 17.52 MB/s

Huo ndio mwendo unaohitajika kweli. Sasa upime. Chukua faili la megabaiti 1,000, lipeleke, na utazame saa. Likifika katika sekunde 57 au pungufu, mambo ni sawa. Likichukua sekunde 80, hapana haja ya kubishana na hesabu za karatasi. Saa imekwisha kusema, na hapo itafaa kubadili diski kwanza, si njia.

JAMBO HILI LINAKUHUSUJE WEWE?

Pengine huna hospitali wala kabati la diski. Kompyuta mpya za leo haziji tena na waya wa SCSI wa namna ile, na nyuzi za kioo nyingi zinabeba habari kwa kanuni nyingine zenye mwendo mkubwa kuliko STM-1. Lakini b ndogo na B kubwa zimebaki pale pale.

Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Tangu hapo nyuzi za kioo zimeingia katika miji yetu, na nyumba nyingi zinauziwa intaneti. Anayekuuzia anataja mwendo kwa biti, b ndogo, kwa kuwa yeye ni mtoto wa watu wa simu. Simu yako au kompyuta yako inaonyesha ukubwa wa faili kwa baiti, B kubwa, kwa kuwa ni mtoto wa watu wa diski.

Tuseme umenunua njia ya 20 Mb/s. Unataka kupokea filamu ya MB 600. Asiyejua atagawanya 600 kwa 20, apate sekunde 30. Nusu dakika ikipita na filamu haijafika, atampigia mwuzaji simu kwa hasira na kusema ameibiwa. Wewe utagawanya hivi:

20 ÷ 8 = 2.5 MB/s
600 ÷ 2.5 = sekunde 240, yaani dakika 4

Ikichukua dakika 4 na kitu, umepata ulicholipia. Ikichukua dakika 15 kila siku, na saa zote, basi una haki ya kulalamika, na una hesabu mkononi ya kumwonyesha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA KIFUPI

Unapolinganisha mwendo wa vitu viwili, fuata hatua hizi tano kwa utaratibu.

1. Tazama herufi: ni b ndogo au B kubwa?
2. Vigeuze vyote viwe kipimo kimoja. Biti kwenda baiti, gawanya kwa 8. Baiti kwenda biti, zidisha kwa 8.
3. Toa mzigo wa wenye njia.
4. Uliza kama ukubwa wa faili umehesabiwa kwa 1,000 au kwa 1,024.
5. Tafuta mahali pembamba kuliko pote katika safari nzima. Mwendo wa hapo ndio mwendo wako.

ZOEZI

Fanya hesabu hizi katika daftari lako. Usitazame majibu kwanza.

1. Neno "mwalimu" lina biti ngapi?
2. Njia ya 40 Mb/s ni sawa na MB/s ngapi?
3. SCSI ya 40 MB/s ni sawa na Mb/s ngapi?
4. Ipi ina mwendo mkubwa, 80 MB/s au 622.08 Mb/s? Onyesha hesabu.
5. Faili la MB 900 linapita katika njia ya 24 Mb/s. Bila kutoa mzigo wa njia, litachukua dakika ngapi?

Majibu: (1) Herufi 7, basi biti 56. (2) 5 MB/s. (3) 320 Mb/s. (4) 80 x 8 = 640, basi 80 MB/s ni kubwa. (5) 24 ÷ 8 = 3 MB/s; 900 ÷ 3 = sekunde 300; dakika 5.

Aliyekosa swali la nne arudi kusoma habari ya pishi na vibaba, kisha ajaribu tena. Aliyepata yote amfundishe jirani yake. Kwaherini mpaka somo lijalo.